Kutoka Skripti hadi Riwaya ya Kisayansi: Kufuata, Kufupisha au Kupanua?

Miongoni mwa miswada inayonifikia hapa Nakuru kwa ajili ya uhariri, kuna aina moja inayozidi kuongezeka: riwaya ambayo mwanzoni ilikuwa skripti ya kipindi cha televisheni. Mwandishi alishiriki katika mfululizo mfupi, au aliandika kipindi kimoja cha majaribio ambacho hakikupata mfadhili, na sasa angependa hadithi yake iendelee kuishi kitabuni. Hadithi hizo zikiwa za kisayansi, yaani zenye mitambo ambayo bado haijaundwa, sayari ambazo hazijafikiwa au wakati unaokwenda kinyume, kazi ya kuzihamisha huwa ngumu zaidi, kwa sababu televisheni humwonyesha mtazamaji kwa sekunde mbili kitu ambacho mwandishi wa riwaya atahitaji aya nzima kukijenga. Nakusudia kulinganisha njia tatu zilizokwisha kutumika kwa miongo mingi nchini Uingereza na Marekani, kisha nizipime kwa mfano wa hapa kwetu, ili mwenye skripti mkononi aweze kuchagua kabla hajaandika sura ya kwanza. Msimamo wangu nautaja mapema: kinachopaswa kuamua si idadi ya kurasa anazozitamani mwandishi, bali ni kazi ambayo kipindi kiliiachia kamera na mwigizaji.

Njia tatu na waliozipita

Njia ya kwanza ni kukifuata kipindi onyesho kwa onyesho. Mfano wake mkubwa ni vitabu vya Doctor Who, mfululizo kuhusu msafiri wa wakati na anga ulioanza kurushwa na BBC mwezi wa Novemba mwaka 1963. Kuanzia mwaka 1973 vitabu hivyo vilitolewa chini ya jina la Target, na Terrance Dicks, aliyewahi kuwa mhariri wa skripti wa mfululizo wenyewe, aliandika zaidi ya 60. Hadithi ya kawaida ilikuwa na sehemu nne za dakika 25, na vitabu vyake vingi vilikuwa na kurasa 128 hivi, kwa lugha nyepesi isiyomchosha mtoto wa miaka kumi. Uaminifu huo ulikuwa na sababu. Wakati huo watu hawakuwa na mashine za video majumbani, vipindi vilirudiwa kwa nadra, na BBC ilikuwa imefuta kanda nyingi za miaka ya 1960, kwa hiyo kitabu kilikuwa mara nyingi njia pekee ya kuipata tena hadithi. Leo kipindi kinaweza kutazamwa kwenye simu wakati wowote, na hoja ya kukifuata kwa sababu tu ya kukihifadhi imepungua nguvu sana.

Njia ya pili ni kufupisha. James Blish alianza mwaka 1967 kuvigeuza vipindi vya Star Trek, mfululizo wa Marekani wa safari za angani, kuwa hadithi fupi, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa na hadithi saba. Mfululizo huo wa vitabu ulifika 12. Cha mwisho kilitoka mwaka 1977 baada ya kukamilishwa na mkewe, J. A. Lawrence, kwa kuwa Blish alifariki mwaka 1975. Kabla yake, mwaka 1960, Rod Serling alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa vipindi alivyoviandika mwenyewe vya The Twilight Zone, mfululizo wa visa vya ajabu. Katika njia hii kipindi cha karibu saa nzima hubaki kurasa ishirini hivi, na kinachosalia ni wazo lenyewe, mgogoro wake na jinsi unavyotatuliwa. Blish aliandika akiwa na skripti mezani, si kanda ya kipindi, na jambo hilo linaonekana wazi zaidi katika kipindi cha The City on the Edge of Forever, ambacho skripti yake, iliyoandikwa na Harlan Ellison, ilibadilishwa sana na wengine kabla ya kurushwa mwaka 1967. Blish aliamua kuchanganya yale aliyoyaona bora katika matoleo yote mawili. Mwandishi yeyote anayeanza kazi hii hana budi kujiuliza swali hilo hilo: ananuia kuihamisha skripti aliyoiandika, au kipindi kilichoonekana na watu baada ya mwongozaji, waigizaji na mfuko wa fedha kukigusa?

Njia ya tatu ni kupanua, na mtu wa kumwangalia hapa ni Alan Dean Foster. Kati ya mwaka 1973 na 1974 kulirushwa vipindi 22 vya katuni za Star Trek, kila kimoja kikiwa chini ya nusu saa. Foster alivigawa katika vitabu 10 kwa namna inayostahili kuchunguzwa: vitabu sita vya mwanzo vilichukua vipindi vitatu vitatu, na vinne vya mwisho kimoja kimoja. Maana yake ni kwamba katika vile vinne alilazimika kubuni sehemu kubwa ya safari, kwa kuwa dakika ishirini na kitu za katuni haziwezi kujaza kitabu. Russell T Davies naye alikigeuza mwaka 2018 kipindi chake cha mwaka 2005 kiitwacho Rose kuwa kitabu. Katika televisheni, mfanyakazi wa duka aitwaye Wilson hutajwa tu kwamba amekufa. Katika kitabu, Wilson ndiye anayefungua hadithi, na kifo chake tunakishuhudia.

Ipo namna nyingine ambayo naiweka ndani ya njia ya tatu ingawa ingeweza kusimama peke yake, nayo ni kumbadilisha msimulizi. David Whitaker, mhariri wa kwanza wa hadithi wa Doctor Who, alifanya hivyo mwaka 1964 katika kitabu cha kwanza kabisa cha mfululizo huo, kilichotokana na hadithi ya Terry Nation yenye sehemu saba. Alimpa mwalimu Ian Chesterton nafsi ya kwanza, akautupa mwanzo wa televisheni na kuandika mwingine, ambamo Ian anakutana na Barbara usiku wa ukungu huko Barnes Common baada ya ajali ya gari. Kwenye televisheni wawili hao walikuwa walimu wa shule moja waliokuwa wakifahamiana tayari. Nadhani Whitaker aliona kwamba msomaji atakayeingia katika chombo kisichoelezeka anahitaji kuingia akiwa na mtu mmoja, na kwamba kufahamiana kwao kungemnyima Ian sababu ya kutueleza kila jambo upya. Naamini huo ni uamuzi bora kuliko mwingine wowote uliofanywa katika historia ya vitabu hivyo, na ndio ninaowapendekezea waandishi wengi, kwa sababu nitakazozieleza.

Hesabu isiyokwepeka

Katika tasnia ya filamu ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kuwa dakika moja ya picha. Skripti ya kipindi cha dakika 25 ni kurasa 25, ambazo nusu yake ni nafasi tupu pembeni mwa mazungumzo. Tuzo ya Nebula, inayotolewa na waandishi wa fani hii huko Marekani, huitambua kazi kuwa riwaya inapofikisha maneno 40,000, na kati ya 17,500 na kiwango hicho huiita riwaya fupi. Mwandishi akiifuata skripti yake ya dakika 25 kwa uaminifu wote, hata akiongeza maelezo ya mandhari, atafika maneno 8,000 au 10,000 na kukwama. Hapo ndipo ninapoona miswada ikianza kuvimba: wahusika wanakunywa chai ambayo hawakuwa na haja nayo, jua linazama kila sura, na safari ya matatu kutoka Lanet hadi mjini inachukua kurasa nne bila kutokea lolote. Vitabu vya Dicks viliwezekana kwa sababu alikuwa na dakika 100 za matukio mkononi. Mwenye dakika 25 hana njia hiyo, na ni heri alijue hilo mapema.

Mfano wa Menengai

Nimejitungia mfano ili tulinganishe kwa macho. Ndani ya kreta ya Menengai, kaskazini mwa mji wetu, visima vya mvuke vimekuwa vikichimbwa tangu mwaka 2011, vingi vikipita kina cha mita 2,000. Tuseme kuna kipindi cha dakika 25 kuhusu Chebet, fundi wa zamu ya usiku katika kituo cha kubuni kilichomo humo. Kisima kimoja kimefungwa tangu Machi, lakini geji yake, yaani kipimo cha nguvu ya mvuke, imeanza kusoma. Chebet anaandika tarakimu hizo kitabuni kila nusu saa. Baada ya saa sita, geji ya kisima jirani, ambacho kinafanya kazi, inatoa tarakimu zile zile kwa mpangilio ule ule. Kisima kilichofungwa kimeutangulia wakati. Kisha mshale wake unavuka mstari mwekundu.

Katika skripti, onyesho hili ni mistari mitatu. Kamera inaonyesha safu mbili za tarakimu katika ukurasa mmoja, inapanda hadi usoni mwa Chebet, inageuka hadi kwenye geji. Hakuna neno linalosemwa, na ngurumo ya mvuke nje inapungua hadi kimya. Mtazamaji anaelewa nukta moja kabla ya Chebet, na katika nukta hiyo ndimo hofu ilimo.

Anayekifuata kipindi ataandika hivi:

“Chumba cha mitambo kilikuwa kimya. Chebet alikitazama kitabu cha zamu. Safu mbili za tarakimu zilikuwa sawa. Akageuka kuitazama geji ya kisima kilichofungwa. Mshale ulikuwa umevuka mstari mwekundu. ‘Mzee Wafula,’ akaita, ‘hebu njoo uone.’”

Anayefupisha ataandika hivi:

“Kufikia saa tisa na nusu usiku Chebet alikuwa ameshaelewa kwamba kisima kilichofungwa kilikuwa kikisoma saa sita mbele, na kwamba saa tatu na nusu asubuhi, zamu ya mchana ikiwa imeshaingia kazini, kisima jirani kingepasuka.”

Na anayepanua kwa kumpa Chebet mwenyewe usimulizi ataandika hivi:

“Tisa, kumi na moja, nane, kumi na nne. Nilizisoma kwa macho, kisha kwa kidole, kisha kwa sauti. Nane ya safu ya kushoto niliikumbuka, kwa kuwa kalamu ilikwama saa tatu nikaikwaruza mara mbili. Kumi na nne ya kulia wino wake ulikuwa bado mbichi. Kisima cha kushoto tulikifunga mwezi wa Machi. Mzunguko wa mwisho wa vali niliukaza kwa mikono hii, Mzee Wafula akihesabu kwa sauti. Nilibaki nimeinama juu ya kitabu. Geji ilikuwa nyuma yangu, na nilijua kwamba nikigeuka nitakuwa nimeona.”

Aya ya kwanza haina kosa la lugha, lakini imepoteza kila kitu. Kamera ilituonyesha safu mbili kwa pamoja, na maneno hayawezi kwa sababu huja moja baada ya jingine. Kusema kwamba “zilikuwa sawa” ni kumpa msomaji jibu huku ukimnyima kuligundua. Aya ya pili nayo imeuacha ugunduzi, ila imeuacha kwa makusudi, ikalikimbilia swali linalofuata, yaani watu hawa watafanya nini katika saa sita. Hadithi fupi ina haki ya kufanya hivyo. Aya ya tatu imetafuta kitu ambacho kamera isingeweza kukipata: kumbukumbu ya kalamu iliyokwama, mikono iliyokaza vali, na woga wa kugeuka. Ukimya wa mwigizaji ulikuwa umebeba hayo yote bila kuyataja, na riwaya isipoyataja ukimya huo hubaki mtupu.

Ndiyo sababu nasema kwamba mwandishi aipitie skripti yake na kutia alama kila mahali ambapo kamera au uso wa mwigizaji ndio uliokuwa ukifanya kazi, si mazungumzo. Alama zikiwa chache, kipindi hicho kinaishi kwa wazo na kwa maneno ya wahusika, na hadithi fupi itakitosha. Alama zikiwa nyingi na karibu zote zikiwa juu ya mhusika mmoja, mhusika huyo ndiye anayestahili kusimulia. Zikitawanyika kwa wahusika wengi, msimulizi wa nafsi ya tatu anayehama kutoka kwa mmoja hadi mwingine, sura kwa sura, atafaa zaidi.

Sheria ya kifaa

Katika hadithi za kisayansi kuna tofauti nyingine kubwa kati ya njia hizi, nayo ni uthabiti wa sheria ya jambo la ajabu lililobuniwa. Mtazamaji wa kipindi cha dakika 25 hana nafasi ya kuuliza. Msomaji wa riwaya hukiweka kitabu chini, hulala, huamka na swali, hurudi kurasa thelathini nyuma kuhakikisha. Katika mfano wetu, tuseme Chebet na Mzee Wafula wanafaulu kufungua vali ya dharura saa kumi na mbili asubuhi, kisima jirani kisipasuke. Basi ule mshale uliovuka mstari mwekundu ulisoma nini? Kama geji inasoma kitakachotokea, mlipuko haukutokea, kwa hiyo imesema uongo. Kama inasoma kile ambacho kingetokea endapo hakuna mtu atakayechukua hatua, basi tangu mwanzo inamjua mtu atakayechukua hatua, na hiyo ni hadithi nyingine yenye kutisha zaidi. Au pengine mlipuko hauzuiliki, na kinachobaki ni kuiondoa zamu ya mchana kretani kabla haijafika saa tatu na nusu.

Anayefuata kipindi anarithi utata huo jinsi ulivyo, na msomaji atamlaumu kwa kosa ambalo televisheni ilisamehewa. Anayefupisha anaweza kumaliza kabla swali halijaiva, hadithi ikisimama pale Chebet anapoushika mpini wa vali. Anayepanua lazima achague sheria moja na kuishikilia hadi mwisho, na kwa maoni yangu hili ndilo jukumu zito kuliko yote, zito hata kuliko lugha. Nimeona miswada yenye Kiswahili kizuri mno ikiporomoka katika sura ya tisa kwa sababu mwandishi alikuwa bado hajaamua kifaa chake kinafanya kazi vipi. Kuamua huko hakumlazimishi kuandika somo la fizikia. Katama Mkangi, katika riwaya yake Walenisi ya mwaka 1995, alimpandisha Dzombo katika chombo cha angani na kumfikisha sayari nyingine bila kutuchosha kwa maelezo ya injini, kwa sababu alichokitaka ni jamii itakayomlaki huko. Msomaji anaweza kuishi bila kujua sababu ya jambo la ajabu. Asichoweza kuvumilia ni jambo hilo kubadilika tabia kila mwandishi anapobanwa.

Kupanua nini, na kuacha nini

Upanuzi mzuri hufungua milango ambayo kipindi kilishaionyesha. Mlinzi wa lango anayeonekana mara moja akimpungia Chebet mkono anaweza kuwa na sura yake, kama Wilson alivyopewa yake, hasa ikiwa ndiye atakayelazimika kuamua kama amwamini fundi wa kike anayemwambia asilifungulie basi la wafanyakazi asubuhi. Sababu ya kukifunga kisima mwezi wa Machi, ambayo katika skripti ilikuwa kauli moja ya Mzee Wafula, inaweza kuwa sura tatu. Hayo yanatoka ndani ya hadithi.

Kuna upanuzi mwingine unaovutia lakini unaoidhuru kazi. Menengai ina masimulizi yake ya Wamaasai, yahusuyo vita vya karne ya 19 kati ya makundi mawili, Ilpurko na Ilaikipiak, na mashujaa waliosukumwa kutoka ukingoni mwa kreta, na mwandishi wa hapa Nakuru atatamani kuyatia. Mimi ningeyaacha nje, isipokuwa kama geji inayoutangulia wakati ina uhusiano wa kweli na waliokufa mahali hapo, jambo ambalo lingeibadilisha hadithi yote tangu ukurasa wa kwanza. Simulizi nzito kama hiyo haiwezi kuwekwa pembeni kama pambo. Waliokufa humo wana heshima yao, na msomaji atakuwa akingoja kuona wanahusika vipi.

Fedha nazo zinaingia hapa. Kipindi cha bajeti ndogo mara nyingi hakionyeshi mlipuko, kwa hiyo mwandishi aliyebanwa na bajeti hufurahi anapofika kwenye riwaya, ambako mlipuko haugharimu chochote, na mara anaulipua mlima mzima. Kabla ya kufanya hivyo, achunguze kama kutoonyeshwa kwake hakukuwa ndiko kulikokuwa kukitia hofu. Katika mfano wetu, kisima ambacho bado hakijapasuka kinamtisha mtu kuliko kilichokwisha kupasuka.

Kuhusu mazungumzo sina mengi. Skripti zetu huchanganya Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani, na mwigizaji huzipa uhai kwa sauti yake. Katika riwaya ningeyaacha mazungumzo yabaki yanavyosemwa kazini, Chebet akimwita Wafula “Mzee” naye akimjibu “binti yangu”, huku usimulizi ukiandikwa kwa Kiswahili sanifu. Anayetumia nafsi ya kwanza ana ugumu zaidi, kwa kuwa msimulizi wake hawezi kuzungumza Sheng na mlinzi kisha atusimulie kama mhadhiri. Atafute sauti moja inayoweza kubeba yote mawili. Vikatizo vya matangazo, ambavyo katika skripti huhitaji kilele kidogo kila baada ya dakika kadhaa, vinaweza kuondolewa katika njia zote tatu bila majonzi.

Haki kabla ya sura ya kwanza

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kuigeuza kazi kutoka umbo moja hadi jingine ni haki ya mwenye hakimiliki peke yake, na kazi ya fasihi hulindwa katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Wengi wanalifahamu hilo. Wasilolifahamu ni kwamba skripti iliyoandikwa kwa agizo la kampuni, au wakati mwandishi ameajiriwa kuiandika, huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama mkataba unasema vinginevyo. Mwandishi anaweza basi kukaa mwaka mzima akiigeuza kazi iliyotoka kichwani mwake na asiwe na ruhusa ya kuichapisha. Hapa njia tatu hazitofautiani: hata hadithi ya kurasa ishirini ni ugeuzaji. Kinachotofautiana ni ukubwa wa hasara, na ndiyo sababu anayepanua anapaswa kuwa wa kwanza kuutafuta mkataba wake, kuomba ruhusa kwa maandishi, na kuafikiana kuhusu wahusika wapya atakaowabuni, wawe wa nani endapo mfululizo utaendelea. Ikiwa skripti ni yake, anaweza kuiandikisha katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya; si lazima, lakini cheti husaidia ubishi unapozuka. Nambari ya ISBN, inayokitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa.

Kuchagua

Mwenye vipindi vitano au sita vya mfululizo mmoja, kila kimoja kikiwa na wazo lake lenye nguvu na wahusika wasiobadilika sana, naona amfuate Blish: aviandike kuwa diwani ya hadithi fupi. Wasomaji wetu wamezizoea diwani tangu shuleni, na hadithi moja ikikataa kuhama anaweza kuiacha bila kukiangusha kitabu. Mwenye filamu ya dakika tisini au mia, yenye matukio yanayosukumana, anaweza kuifuata onyesho kwa onyesho, hasa ikiwa anawaandikia watoto, mradi kila onyesho aliulize linaonwa na nani.

Mwenye kipindi kimoja cha dakika 25, ambaye ndiye aliye wengi hapa kwetu, hana njia ya kukifuata kwa sababu ya hesabu tuliyoifanya. Achague kati ya hadithi ya kurasa ishirini na riwaya fupi ya maneno 20,000 hadi 30,000 inayosimuliwa na mtu mmoja. Skripti ya Menengai ningeipeleka kwenye riwaya fupi, nikimwachia Chebet usimulizi wote, nikichagua sheria ya mlipuko usiozuilika, na nikianza saa tatu usiku kalamu inapokwama badala ya kuanza na picha ya kreta kutoka angani, ambayo ndiyo iliyofungua kipindi. Sura za kwanza tatu zikikamilika, ningempa mtu ambaye hajawahi kukiona kipindi azisome, kisha ningemwomba anichoree chumba cha mitambo kwenye karatasi: kitabu cha zamu kiko wapi, geji mbili ziko wapi, mlango uko upande gani. Atakapokosea ndipo mahali ambapo bado ninaitegemea kamera, na hapo ndipo ningeanzia kuandika upya.